Majira ya kupukutika kwa majani shambani: tufanyeje yasipite kama kazi tupu?

Mama wa Watatu ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Sisi ni familia ya wakulima wadogo tunaoishi mbali na mji, katika nchi yenye majira manne. Nyumbani tupo mimi, mume wangu, watoto wetu na mama mkwe, ambaye umri umempunguzia nguvu za miguu lakini haujampunguzia hamu ya kushiriki kila jambo la nyumba hii.

Kipindi hiki, tangu joto linapoanza kupungua hadi baridi yenyewe inapoingia, ndicho chenye kazi nyingi kuliko vyote. Viazi vinasubiri kuchimbwa, matufaa yanataka kuchumwa kabla upepo haujayaangusha, kuni zinapaswa kupangwa mahali pakavu, nyufa za banda la mifugo zizibwe, na mchana nao unazidi kufupika, hata kila jioni giza linatukuta tukiwa bado nje. Tukiingia ndani tumechoka hoi. Ibada ya jioni, ambayo wakati wa kiangazi huwa na nyimbo na maswali mengi ya watoto, imebaki kuwa sala fupi inayosemwa na mtu mmoja huku wengine wakisinzia.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba watoto wameanza kuyaona majira haya kama adhabu. Binti yetu mkubwa, mwenye umri wa miaka 11, aliniuliza kwa nini watu wa mjini husafiri kuja huku kutazama miti iliyogeuka rangi, ilhali sisi tunaoishi chini ya miti hiyohiyo hatupati hata nafasi ya kuinua macho. Sikutaka kumjibu juujuu, kwa sababu swali lake ni la haki kabisa.

Naomba ushauri wenu, hasa katika mambo mawili. La kwanza ni Jumapili. Mume wangu anaona kwamba kuyaacha mazao shambani huku mvua inatishia ni kumjaribu Mungu, nami naona kwamba tukiivunja siku hiyo moja hatutakuwa na siku nyingine ya kukaa pamoja. La pili ni raha ndogondogo: ni mambo gani yasiyo na gharama ambayo familia zenu huyafurahia katika majira haya, na ambayo yanaweza kukaa pamoja na imani yetu bila kulazimishwa?

Mzee wa Kanisa amejibu:

Mama, amani ya Bwana iwe nawe na nyumba yako yote. Nianze na Jumapili, kwa kuwa hilo likikaa sawa mengine mengi hufuata.

Wengi wetu tunaikumbuka amri ya pumziko kama ilivyo katika Kutoka sura ya 20. Iko sehemu nyingine isiyosomwa mara nyingi makanisani, nayo ni Kutoka 34:21. Pale Mungu hakuishia kuagiza kwamba siku ya saba watu wapumzike, bali aliongeza kwamba wapumzike hata wakati wa kulima na wakati wa kuvuna. Aliyetoa amri hiyo alijua fika udhuru wa mkulima. Vipindi hivyo viwili ndivyo ambavyo kila mwenye shamba hujiona ana sababu ya kutosimama, na ndivyo vilivyotajwa. Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa baba wa nyumba, mimi sioni kwamba kupumzika wakati mazao yako nje ni kumjaribu Mungu, kwa maana ni Mungu mwenyewe aliyesema tupumzike wakati huo.

Hata hivyo nisieleweke kana kwamba ninawatwika mzigo. Mifugo hukamuliwa na kulishwa kila siku, na Bwana Yesu, katika Luka 14:5, aliwauliza waliokuwa wakimwangalia ni nani miongoni mwao ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato hatamwopoa mara. Viazi vilivyokwisha kuchimbwa vikiwa vimelala wazi na mawingu yamekusanyika, kwenda kuvifunika kwa turubai hakulingani na kuingia shambani kutwa nzima. Swali ninalojiuliza ni hili: je, kazi hii ingewezekana kumalizwa Jumamosi kama tungeipanga vizuri? Jibu likiwa ndiyo, basi haina haki ya kuichukua Jumapili.

Ndiyo maana nasema pumziko la Jumapili hujengwa Jumamosi. Kuni za siku mbili zikiingizwa ndani mapema, maji yakatekwa, chakula kikaandaliwa, nguo za ibada zikawekwa mahali pake, basi hata mama wa nyumba hupumzika. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeona nyumba nyingi za Kikristo ambamo kila mtu hupumzika siku ya Bwana isipokuwa mama.

Kisha soma Kumbukumbu la Torati 16:13-15. Sikukuu ya Vibanda iliwekwa baada ya watu kukusanya mazao ya sakafu ya kupuria na ya shinikizo la divai, ikadumu siku saba, na agizo lake lilikuwa kufurahi. Wametajwa wanaopaswa kufurahi: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako na mjakazi wako, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Furaha ya mavuno iliagizwa kama kazi ilivyoagizwa, nayo haikuachwa isubiri mtu apate nafasi. Ningewashauri mchague siku moja, mara tu baada ya zao la mwisho kuingia ghalani, iwe siku ya kufurahi kwa familia nzima, nayo itangazwe mapema ili watoto waingojee wakati wote wanapoinama shambani.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Mama, swali la binti yako limenigusa moyo. Mtoto anayeuliza hivyo tayari ameinua macho, na kilichobaki ni kumpa wa kutazama naye.

Mpe robo saa kabla ya kazi ya jioni na nenda naye hadi kwenye mti ulio karibu. Mweleze kwamba kijani cha jani hutokana na klorofili, ambayo mti huitengeneza upya muda wote wa joto. Mchana ukifupika mti huacha kuitengeneza, huondoa sehemu kubwa ya virutubisho vilivyo katika majani na kuvirudisha kwenye matawi, shina na mizizi. Hapo ndipo manjano, ambayo ilikuwamo tangu jani lilipokuwa kijani, inapopata kuonekana. Wekundu una habari nyingine: miti mingi huutengeneza wakati huohuo kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na kwa hiyo mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha huwa na wekundu uliokolea.

Baada ya hapo mwambie achague jani ambalo bado limeshika lakini limeanza kulegea, atazame mahali kikonyo kinapokutana na tawi. Mti umekwisha kujenga pale utando mwembamba unaolitenga jani na tawi. Jani likiguswa kidogo huachia, na kovu lililobaki linaonekana limekwisha kuzibwa. Juu tu ya kovu hilo kuna chipukizi dogo gumu, limefungwa vizuri, nalo ni la mwaka ujao. Watu wengi hudhani kwamba machipukizi huanza baridi inapokwisha, kumbe mti huyaandaa kabla haujalidondosha jani la mwaka huu. Mimi nimekuwa nikiwaonyesha watoto jambo hili kwa miaka mingi na sijawahi kulichoka, wala sijaona haja ya kuongeza mahubiri juu yake.

Usiku nao una yake. Tarehe 22 au 23 Septemba, kwa walio kaskazini mwa ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana, na kwa walio kusini hali hiyo ya mwanzo wa majira haya hufika tarehe 20 au 21 Machi. Mwezi mpevu ulio karibu zaidi na siku hiyo una tabia ya pekee. Kwa kawaida mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, lakini katika kipindi hiki, kwa nchi zilizo mbali na ikweta, tofauti hiyo hushuka hadi nusu saa au pungufu yake. Matokeo yake ni kwamba kwa jioni kadhaa mfululizo jua likizama tu mwezi nao uko njiani kuchomoza, na wakulima wa kale, wasio na taa, waliutumia mwanga huo kumalizia kuvuna. Jioni moja kati ya hizo acheni kazi, vaeni nguo nzito, mtembee wote hadi mpakani mwa shamba na kurudi.

Wako pia ndege. Mbayuwayu huondoka kimyakimya, na mtu hutambua tu kwamba waya walizokuwa wakitua ziko tupu. Bata bukini wa mwituni huondoka kwa kelele, wamejipanga angani kwa mistari miwili inayokutana mbele. Yeremia, katika sura ya 8 mstari wa 7, anawataja ndege wanaozijua nyakati zao za kuja, akiwalinganisha na watu wa Mungu wasioijua hukumu ya Bwana. Binti yako aanze daftari la tarehe: siku alipowaona mbayuwayu kwa mara ya mwisho, siku ya umande wa kwanza ulioganda, siku mti fulani ulipobaki mtupu. Mwakani atalinganisha, na majira haya yatakuwa mali yake.

Binti wa Mfugaji amejibu:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mzee. Naomba ruhusa ya kutofautiana nanyi kidogo, si kwa mliyosema bali kwa uzito mlioupa.

Nimelelewa katika familia ya namna hii, na kumbukumbu zangu nzuri za majira haya zimetoka ndani ya kazi yenyewe, wala si katika nyakati tulizotolewa kazini. Mtoto huiona kazi kuwa adhabu pale anapotumwa tu: leta ndoo, shika hapa, ondoka hapo. Akipewa sehemu ambayo ni yake tangu mwanzo hadi mwisho, hali hubadilika. Kwa hiyo, dada yangu, kabla ya kutafuta raha za kuongeza, tazama kwanza raha zilizofichwa na haraka.

Chukua uchumaji wa matufaa. Tufaa halivutwi. Huwekwa kiganjani, likainuliwa juu na kuzungushwa kidogo, na lililoiva huachia lenyewe pamoja na kikonyo chake, ilhali lisiloiva hung'ang'ania tawi na huachwa lingoje. Mtoto wa miaka sita anaweza kulijua hili vizuri kuliko mtu mzima mwenye haraka, na akishalijua hujivunia. Kisha huja kuchambua, na hapa ndipo ninapomwona mama mkwe wako. Hawezi tena kwenda shambani, lakini mikono yake na macho yake yapo. Mwekeni mezani, watoto wamzunguke, vikapu viwe viwili: yasiyo na doa ya kuhifadhi, na yenye michubuko ya kuliwa au kupikwa kwanza. Bibi atawafundisha kupapasa kwa kidole gumba mahali palipobonyea ambapo jicho halijapaona. Katika kazi ya namna hiyo, mikono ikishughulika na miguu imepumzika, wazee husimulia mambo ambayo hawayasimulii wakiulizwa. Mimi historia ya ukoo wetu, na jinsi babu yangu alivyookoka, niliisikia mezani pa kuchambua.

Neno dogo kuhusu ghala, maana sitaki kazi hiyo ipotee bure. Matufaa yawekwe mbali na karoti, kwa sababu hutoa gesi ya ethilini inayozifanya ziwe chungu, na viazi vikae gizani kabisa, kwani vikipata mwanga hugeuka kijani na kujenga sumu. Kagueni mara kwa mara, maana tunda moja lililooza huharibu majirani zake.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kuwaachia wengine. Walawi 19:9-10 inakataza kuvuna shamba hadi pembezoni na kurudia kuokota masazo, yaachwe kwa maskini na mgeni. Nyumbani kwetu mti mmoja ulikuwa haukusanywi kwa ajili yetu. Sisi watoto ndio tuliochuma matunda yake na kuyapeleka kwa watu ambao wazazi walitutajia, na hatukuruhusiwa kusimulia tulichokiona katika nyumba hizo. Raha ya kubisha hodi ukiwa na kapu zito bado ninaikumbuka mikononi. Nikisoma habari ya yule tajiri katika Luka sura ya 12, naona kwamba shamba lake kuzaa sana halikuwa kosa. Ila katika maneno yake yote anajisemesha mwenyewe tu, juu ya mavuno yake, ghala zake na nafsi yake, wala hamna mtu mwingine hata mmoja ndani ya mpango ule.

Mama wa Watatu ameandika tena:

Nawashukuru sana, wazee wangu na wewe mdogo wangu. Mume wangu amesoma jibu la Mzee mara mbili, na tumekubaliana kwamba Jumamosi tutaacha shamba saa tisa alasiri ili tuiandae siku ya Bwana. Mama mkwe amefurahi mno kusikia habari ya meza ya kuchambua, na amekwisha kuuliza vikapu viko wapi.

Limebaki jambo la ibada ya jioni. Tumesoma kwa kufuata mpango mrefu wa sura kwa sura, na kwa uchovu huu watoto hawaufuati tena. Isitoshe, majira haya mama mkwe humkumbuka sana marehemu baba mkwe, aliyefariki majani yakiwa yanapukutika, na mara nyingine huzuni yake hujaza nyumba. Je, huzuni hiyo iingie katika ibada mbele ya watoto, au tuiache pembeni?

Katekista wa Kijijini amejibu:

Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Mimi ni Mkatoliki, nanyi huenda mna desturi nyingine za sala, kwa hiyo chukueni kinachowafaa.

Kuhusu huzuni ya bibi, ningesema iingie, tena iwe na mahali pake. Katika kalenda yetu tarehe 1 Novemba ni ya Watakatifu Wote na tarehe 2 ni ya kuwakumbuka marehemu wote, na mwezi mzima huwa wa kuwaombea. Hata kama kanisa lenu haliwaombei marehemu, hakuna kinachozuia kumshukuru Mungu kwa maisha ya babu kwa kumtaja jina mbele ya wajukuu wake. Huzuni isiyotajwa ndiyo inayojaza nyumba. Bibi akipewa jioni moja kila juma aseme jambo moja tu juu ya mumewe, watoto watamjua babu yao, naye hatalazimika kuubeba mzigo huo peke yake siku zote saba. Na siku atakayosema kwamba hana neno, msimsukume.

Nataka nieleze mchoro mmoja ambao huwaonyesha wanafunzi wangu. Mfaransa Jean-François Millet, aliyezaliwa mwaka 1814 katika familia ya wakulima wa Normandie, aliuchora kati ya mwaka 1857 na 1859. Mume na mke wamesimama katika shamba la viazi jioni. Uma wa kuchimbia umechomekwa ardhini, kapu liko chini miguuni, magunia yamo katika toroli nyuma ya mke. Mume amevua kofia, mke amekunja mikono kifuani, na mbali kabisa unaonekana mnara wa kanisa ambalo kengele yake inawaita kusali sala ya Malaika wa Bwana. Millet alieleza kwamba wazo hilo lilitoka kwa bibi yake, ambaye kila aliposikia kengele hiyo aliwasimamisha kazi ili wawaombee marehemu. Mchoro huo siku hizi uko Paris, katika jumba la makumbusho la Orsay.

Ninautaja kwa sababu wale wawili hawajaingia ndani, hawajanawa, wala hawajamaliza kazi. Sala yenu ya jioni inaweza kuhamia hukohuko shambani, jua linapogusa miti, kabla uchovu haujawashika. Kila mtu asimame alipo, jembe liwekwe chini, baba aombe, wote waitikie, kisha kazi iendelee. Ni dakika tatu au nne. Ndani ya nyumba, baada ya chakula, bakizeni kusoma na kuimba tu, tena kwa ufupi.

Kwa kusoma, acheni ule mpango mrefu hadi mazao yaishe kuingia. Kitabu cha Ruthu kina sura 4 tu, na habari zake nyingi zinatokea shambani wakati wa mavuno, kwa hiyo watoto wataelewa kila neno: Ruthu akiokota masazo, na Boazi akiwaagiza vijana wake waangushe masuke kwa makusudi ili ayaokote. Baada ya hapo ziko zile zaburi 15 za kwenda juu, kuanzia ya 120 hadi ya 134, ambazo kwa mapokeo ya muda mrefu huhusishwa na watu waliokwenda Yerusalemu kwa ajili ya sikukuu. Zote ni fupi isipokuwa ya 132, na hata hiyo haiwezi kumlaza mtoto. Ya 126 ina wapandao kwa machozi na wavunao kwa kelele za furaha, na ya 128 ina mtu anayekula taabu ya mikono yake, huku wanawe wameizunguka meza yake. Anzeni na hizo mbili, kisha mwacheni bibi achague inayofuata.